Viatu Viwili vya Jina Moja

Siku yangu ya kwanza katika hoteli ile ya Diani nilipewa brashi na ndoo, nikaambiwa nioshe viatu vya wageni. Nilikuwa nimetoka Mwingi mwezi huo huo, na Kiswahili changu kiliwachekesha wenyeji. Baadaye nikapelekwa stoo ya michezo, na kufikia mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa ndiye mtunza viatu vya kukimbilia njia za porini. Hoteli iliwaazima viatu hivyo wageni waliopenda kukimbia upande wa Gazi.

Kiatu cha porini hakikaguliwi kwa macho peke yake. Nilikikunja, nikakibonyeza kisigino, nikapitisha kidole kwenye meno ya soli, yaani vile vinundu vinavyong'ata ardhi. Kiatu cha zamani kilikuwa kizito na kigumu. Kikilowa, hakikukauka upesi, na wageni walilalamika kwamba kinawachubua.

Ndipo likaja toleo jipya la kiatu hicho, jina lile lile. Nilipokishika nilishtuka: kilikuwa chepesi kana kwamba hakina kitu ndani. Nilipokikunja, kisigino kiligusa ncha. Meneja wa Michezo alikuwa kando yangu akisifu wepesi wake. Nilitaka kumwuliza mbona soli imelegea hivi. Sikuuliza.

Jumamosi asubuhi alikuja Bi Rukia wa Mwabungo, kiongozi wa wakimbiaji wa hoteli. Nilimpa jozi mpya, nikamfunga kamba kwa mikono yangu, kisha nikafuata kundi kwa nyuma. Kwenye tope la mikoko kiatu kipya kilishinda cha zamani kwa mbali. Meno yake marefu yalishika, maji yakatoka kwenye vitundu vya pembeni, huku wageni wenye viatu vya zamani wakiteleza. Nikauona wasiwasi wangu kuwa wa kijinga.

Tulipopanda kwenye mwamba wa matumbawe, Bi Rukia alisimama ghafla, akaketi.  Kipande cha tumbawe kilikuwa kimekatika na kubaki ndani ya soli, na ncha yake ilikuwa imeingia unyayoni. Damu ilikuwa ikitoka kwenye vile vitundu nilivyovisifu punde tu. Niliinama nikaanza kufungua kamba.

"Kaka Mutua, usinivue kiatu," alisema polepole. "Nipelekeni nacho kilivyo."

Gari la hoteli likampeleka hospitalini Msambweni.

Jumatatu nilivipasua viatu vyote viwili kwa kisu juu ya meza ya meneja. Ndani ya kile cha zamani, kati ya mpira na sponji, mlikuwa na bamba jembamba gumu la kuukinga unyayo. Ndani ya kipya halikuwamo. Meneja alivigeuza vile vipande, akavigeuza tena.

"Lakini ni jina lile lile," alisema. Kisha akanitazama. "Na wewe ulipokipokea hukuona tofauti?"

Nilimjibu kwamba niliihisi, ila nilinyamaza. Hakunigombeza. Aliniambia niende nikamwambie Bi Rukia mwenyewe.

Nilimkuta nyumbani, mguu umefungwa bendeji. Nilimweleza yote.

"Ulihisi, kisha ukanifunga kamba?"

"Ndiyo, Bi Rukia."

 Alimwita bintiye aniletee chai, nami nikainywa kwa shida.

Alipona, akarudi kazini. Viatu vipya tukaviweka kwa ajili ya tope na mchanga, vya zamani kwa mwamba, na kila toleo lililokuja baadaye nilipasua jozi yake moja kabla ya kumpa mtu yeyote.

Nilipostaafu, meneja aliyekuwapo alinisifu mbele ya wafanyakazi kwamba katika miaka yangu yote sikuwahi kumkosea mkimbiaji. Bi Rukia alikuwa ameketi mstari wa mbele, ametazama chini. Nilimwomba meneja radhi, nikasimama, nikawasimulia vijana haya niliyowasimulia ninyi.  Nilipoketi, Bi Rukia aliinua macho, akauondoa mkoba wake kwenye kiti cha pembeni yake, akaniita nikae karibu naye.