Wimbo Uliomfikisha Mama Kaunta

"Yah: Kuimba Wimbo wa Kigeni Eneo la Mwalo." Ndivyo lilivyoandikwa jalada la mama mmoja muuza dagaa wa mwalo wa Kibirizi, pale mitumbwi ya wavuvi inapofikia, aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni ya ofisi ya uhamiaji wiki iliyopita. Mama alisema ni mzaliwa wa Buzebazeba, mtaa wa hapa hapa mjini. Ofisa alisema ni mkimbizi aliyetoroka kambini, na ushahidi wake ni wimbo: ule wa zamani wa wasichana watatu wa ng'ambo ya ziwa, ambao mama huuimba akianika dagaa.

"Umejifunzia wapi?"

"Redioni, mwanangu, nikiwa msichana."

"Redio ya wapi?"

"Ya baba. Ilikaa juu ya kabati, hapo Buzebazeba."

"Raia hawezi kujua beti zote tatu."

Akamwamuru karani asome maneno ya wimbo kutoka jaladani. Karani alipofika kwenye kiitikio, ofisa akamkatiza. "Hapo wanarudia mara mbili," akasema, huku kalamu yake ikigonga meza pale pale wasichana wale wanapopiga makofi.

"Na wewe ulivuka lini, baba?" mama akamuuliza kwa upole.

Foleni ikacheka. Ofisa akagonga mhuri.

Wimbo ule unachezwa kila harusi mtaani Mwanga, na mimi nimewabembelezea wanangu wote. Kama kuujua ni ukimbizi, basi yaletwe malori ya kutosha mji mzima, na ofisa apande la kwanza.

Ijumaa asubuhi mama yule alipandishwa lori, peke yake, akapelekwa kambini.