Taa Mbili za Upande wa Kushoto

Hesabu yenyewe si ngumu. Unajumlisha wati za taa zote, unagawa kwa volti mia mbili na thelathini, jibu lake ndilo ampia. Nimeifanya miaka mingi kwenye kumbi za Tabora, katika harusi, mahafali na matamasha ya kwaya. Oktoba ile niliirudia kila asubuhi kabla ya chai, nikitumaini kijinga kwamba jibu litabadilika.

Mke wangu alikuwa na uvimbe wa tezi shingoni. Daktari wa Mwanza alimweleza waziwazi, mimi nikiwa nimekaa pembeni, kwamba uvimbe lazima utolewe na kwamba mshipa wa fahamu unaoendesha sauti umepita palepale.

"Sauti inaweza kubaki," alisema, "na inaweza isibaki."

Mke wangu aliuliza jambo moja tu: kama upasuaji unaweza kusubiri hadi igizo la kwaya lipite. Daktari akakubali kwa shingo upande. Lilikuwa igizo tulilolitunga wenyewe, la mama anayemngoja mwanawe aliyekwenda machimboni kutafuta dhahabu. Yeye ndiye mama huyo, na wimbo wa mwisho ulikuwa wake peke yake. Huenda ungekuwa wa mwisho kabisa.

Ukumbi wa kanisa una laini moja ya umeme, na breka yake, swichi inayojikata mzigo ukizidi, ni ya ampia thelathini na mbili. Iko ndani ya ofisi, na ofisi hufungwa. Mwaka uliotangulia ilikatika katikati ya mahubiri ya mgeni. Aliyekuwa na ufunguo alishaondoka kwenda shambani kwake Itetemia, na watu wakatawanyika gizani kabla hajapatikana. Kwa hiyo nilijua kwamba breka ikikatika, hakuna wimbo. Hakungekuwa na Jumapili nyingine.

Nilikuwa na taa kumi, za glopu za zamani zinazochemka kama jiko, kila moja wati mia tano. Zinaingia kwenye dima, kile kisanduku kinachopandisha na kushusha mwanga. Dima yangu ina njia nne, na kila njia inahimili ampia kumi. Niligawa taa tatu, tatu, mbili, mbili, ili njia yoyote isifike hata ampia saba. Nikaongeza vipaza sauti na kinanda. Jumla ikawa ampia ishirini na nne, robo tatu ya uwezo wa breka. Mimi sivuki robo tatu, hasa Oktoba, maana breka ikishapata joto hukatika kabla ya kiwango chake.

Mwalimu wa kwaya alitaka taa nyingine nne. "Fundi, mwana anarudi nyumbani. Nataka pawe kama mchana."

"Mchana upo nje, Mwalimu. Humu tuna ampia thelathini na mbili."

Mama mmoja wa sauti ya kwanza akacheka. "Shemeji, wewe na hesabu zako. Siku moja utatupimia na pumzi."

Nilicheka nao. Nikachukua chaki, nikaandika juu ya soketi ya jukwaani: USICHOMEKE KITU.

Sikufikiria asali. Kwaya yetu haiimbi bila maji ya moto yenye asali, na asali ya mke wangu huletwa na kaka yake, ambaye ana mizinga upande wa Ntalikwa. Siku zote maji huja kwenye chupa za chai. Jumapili ile mgeni rasmi alichelewa sana. Tulimngoja madirisha yakiwa yamezibwa kwa vitambaa vyeusi, jasho likitutiririka, na igizo lilipoanza maji yalikuwa yamepoa kabisa.

Nilikuwa nyuma ya ukumbi na dima yangu mezani, watu wamejaa hadi mlangoni. Igizo lilienda vizuri. Mwana aliondoka, barua zikakoma, majirani wakamsema mama. Mke wangu alitoka jukwaani kujiandaa kwa wimbo, nami nikapandisha taa zote kumi kwa ajili ya kijiji kinachosherehekea. Ndipo nikaona, kwenye mwanya wa pazia, kitaa chekundu kimewaka chini, karibu na soketi.

Lilikuwa jagi la umeme la jikoni kwa mchungaji. Wati elfu mbili. Nalijua, halijizimi lenyewe. Swichi yake ilishavunjika. Karibu ampia tisa juu ya ishirini na nne. Tulikuwa tumepita thelathini na mbili, kwenye breka iliyokaa kwenye joto tangu mchana.

Nilipunga mkono. Mama wa sauti ya kwanza aliniona akanipungia na yeye, akitabasamu, kikombe mkononi. Nyuma yake mke wangu alikuwa ameinamisha kichwa, anakunywa taratibu, mkono mmoja shingoni. Sikujua nitamani nini. Hata kama ningekuwa pale, nadhani nisingechomoa.

Mke wangu akatoka nyuma ya pazia, akasimama upande wa kushoto. Kinanda kilipoanza nikashusha njia ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Zikabaki taa mbili za upande wake. Watu wakanung'unika. Mwalimu aligeuka akaninyanyulia mikono yote miwili: juu, juu. Nilitikisa kichwa. Niliangalia kile kitaa chekundu kuliko nilivyomwangalia mke wangu. Walikuwa wanaongeza maji kwa ajili ya wengine, na hakikuzima mpaka wimbo ukaisha.

Breka haikukatika. Aliimba beti zote, na ile noti ya juu aliyoiogopa wiki nzima aliishika mpaka mwisho. Mimi nilimwona nusu uso tu.

Alirudi kutoka Mwanza na bandeji na mnong'ono. Walisema tusubiri, huenda sauti itarejea. Tulisubiri masika nzima. Kwaya walikuja kumwona, wakazungumza kwa sauti za chini kama yake, bila kujua kwamba wanafanya hivyo.

Jioni moja tulikuwa tunapukuchua mahindi uani, wawili tu. Akaniuliza kwa Kinyamwezi, kwa huo mnong'ono:

"Siku ile ulikuwa unaficha shingo yangu?"

Nilisimamisha mikono. "Shingo? Hapana, mama. Ilikuwa jagi."

"Jagi gani?"

Nikamweleza yote, taa kumi, kinanda, wati elfu mbili, breka, ofisi iliyofungwa. Alisikiliza huku akiendelea kupukuchua. Nilipomaliza nilijisikia kama mtu aliyemjibu mgonjwa kwa bei ya dawa.

"Mimi nilisema moyoni, ameona haya," alinong'ona. "Niliimba wimbo mzima nikijua hivyo."

"Sikuona haya."

Akakusanya punje zilizotawanyika, akazirudisha kwenye ungo.

"Basi siku nyingine uwashe zote."

Nikasema sawa, nitawasha zote. Nikashika hindi jingine, na kichwani nikaanza kujumlisha, nikaweka na jagi.