Asukile na Farasi Aitwaye Biskuti

Asukile alikuwa mtu wa kuutilia shaka hata uji alioukoroga mwenyewe. Basi mwaka wa hamsini na nne, Mzungu mwenye shamba la pareto kule Mufindi alipomwita yeye, mkamuaji wa ng'ombe kutoka Rungwe, akamwambia ajifunze kupanda farasi ili awe mnyapara wa mpakani, aliitikia "ndiyo, bwana" huku akijiuliza ni nani aliyefia katika kazi hiyo.

Lakini kazi ilikuwa na nyumba ya bati. Asukile alilala bwenini na vibarua wenzake, na mkewe Sekela, aliyebaki kwao Rungwe, alishatuma neno: asipoitwa mwaka huo akaishi naye, baba yake yuko tayari kurudisha ng'ombe wa mahari.

Mwalimu wake alikuwa Crispin, saisi aliyetunza farasi wa shamba, Mhehe mwenye kubana maneno kama chumvi. Siku ya kwanza Asukile alimwendea farasi kama Mnyakyusa yeyote amwendeavyo ng'ombe: kwa nyuma, akimsifu, akimpapasa kiuno. Biskuti alimpiga teke lililomlaza kwenye rundo la samadi.

"Mbona hukuniambia?" akauliza kutoka huko.

"Sikujua kuna watu wanaomsalimia mnyama matakoni," akajibu Crispin.

Tangu hapo Asukile akawa na hakika kwamba Crispin anaitaka ile nyumba. Kila alilofundishwa alilipindua kwanza, aone chini yake kuna nini. Akiambiwa alegeze hatamu, alizivuta, hadi Biskuti akarudi kinyumenyume kama mke wa Kinyakyusa aliyekutana njiani na baba mkwe, ambaye ni mwiko kuonana naye. Akiambiwa atazame mbele, alitazama masikio ya farasi, maana aliona ndiyo yanayopokea maagizo. Hata hivyo matako yake yalilizoea tandiko kabla ya moyo wake, na ikafika wakati akaweza kwenda mchakamchaka bila kung'ang'ania manyoya ya shingo.

Kesho ikiwa ni kupimwa mbele ya bwana, Crispin alimweleza jambo la mwisho. Farasi akitandikwa hujaza pumzi, kwa hiyo mkanda wa tumbo huonekana umekaza; akishusha pumzi, unalegea. Mtembeze kidogo, kisha kaza tena.

Asukile alicheka. Aliyeishuku dunia nzima hakuweza kuamini kwamba mnyama anayeogopa mwavuli angeweza kumdanganya mtu. Mhehe huyu, akawaza, anataka nimbane farasi mpaka akasirike. Asubuhi akamtandika mwenyewe, akafunga mara moja, akapanda.

Alikwenda vizuri mpaka kwenye kona ya uwanja. Hapo tandiko likageuka taratibu, kama mtu anayejigeuza kitandani, na Asukile akageuka nalo, hata akawa ananing'inia akilitazama tumbo la Biskuti, ambalo sasa lilikuwa jembamba kabisa. Akaanguka.

Bwana akauliza ni nani aliyemtandika farasi huyu. Asukile, kule chini, akafumba macho. Alimwona mkwewe akiwafungua ng'ombe zizini.

"Ni mimi, bwana," akasema Crispin. "Nilisahau kurudia mkanda."

Akakemewa mbele ya watu, tena akakemewa akakemeka. Kisha akamtembeza Biskuti, akakaza, akamshikia Asukile kikuku cha kukanyagia apande. Asukile akaenda mpakani, akarudi akiwa bado juu, akapewa kazi.

Alasiri akamfuata Crispin bandani. Hakushukuru. Alimwuliza anataka nini kwake.

Crispin hakuacha kusafisha kwato. "Ndugu yangu, nyumba ya mpakani iko mbali mno na banda langu," akasema. "Nataka uhamie leo."

Asukile akaligeuza jibu lile juu chini, akalitafuta tundu, asilione. Akampa mkono. Kisha akaenda kumngoja dereva wa lori la Tukuyu, ampelekee Sekela habari, na kabla lori halijaondoka akamtaka dereva ayarudie maneno yote, moja baada ya jingine, asije akayachezea njiani.