Mfupa wa Bi Roelfien

Kwa miaka thelathini na moja Bi Roelfien Hadders alifanya kazi katika kiwanda cha jibini, na kazi yenyewe ilikuwa kuonja na kusema kweli. Alitoboa jibini kwa chuma chembamba, akanusa, akaonja, akatema kwenye ndoo, kisha akaandika: chungu, imeharakishwa, irudishwe. Jibini haikuwahi kununa. Alipostaafu, klabu ya filamu ya kijiji chao, huko Drenthe, Uholanzi, ilimwomba awe mwamuzi wa shindano la filamu fupi za kuchekesha, kwa kuwa hakuna mtu aliyepata kumsikia akimsifu yeyote kwa kumwonea haya. Aliamini kwamba anayesifu kazi mbovu anamwibia aliyeifanya.

Mwaka huu ulikuwa wa kumi na moja. Utaratibu haukubadilika. Filamu isizidi dakika saba. Ikiisha, taa zinawashwa, mwenye filamu anakwenda kukaa kwenye kiti kilicho mbele ya ukumbi, na Bi Roelfien anamsomea kasoro zake kutoka karatasi ya manjano. Mwenye filamu anaruhusiwa kujibu sentensi moja tu: "Asante, nimesikia." Sheria hiyo aliitunga Bi Roelfien mwenyewe, baada ya mfugaji mmoja wa nguruwe kujitetea dakika arobaini bila kumeza mate. Filamu bora ingerekebishwa kwa kufuata karatasi yake, kisha ipelekwe kwenye shindano la mkoa.

Asubuhi zilionyeshwa filamu tatu. Katika ya kwanza, kipaza sauti kilining'inia juu ya kichwa cha bibi harusi kama popo. Katika ya pili, saa ya ukutani ilionyesha saa nne, ikaruka hadi saa kumi, ikarudi saa nne. Katika ya tatu, masharubu ya mwizi yalianza chini ya pua na kumalizikia shavuni. Bi Roelfien hakuacha kitu.

"Geert," alimwambia mwenye masharubu, "ulikuwa unatazama wapi wakati unapiga picha?"

"Asante, nimesikia," Geert alisema, na akainamisha kichwa kwa unyenyekevu ambao hata mchungaji wao hakuwa nao.

Wakati wa kahawa ya mchana Bi Roelfien aliingia stoo ya jikoni kutafuta sukari. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Jikoni alikuwamo Berend Wolting, fundi wa mapaa na mwenyekiti wa klabu, akizungumza na Willemtien Koops, dereva wa basi la shule, aliyekuwa na mwaka wake wa kwanza klabuni.

"Dada, wewe mfupa wako uko wapi?" Berend aliuliza.

"Mfupa gani?"

"Wa kumtupia bibi. Unaweka kosa moja kubwa, la wazi. Anauma hapo, anaridhika, nyama yako anaiacha. Sote tunafanya hivyo. Huu mwaka wa sita."

"Kwa hiyo yale masharubu..."

"Makusudi. Geert ametumia gundi mbovu wiki nzima akijaribu ipi itaachia vizuri."

"Mimi sikuweka kitu."

"Basi pole. Leo utaliwa mzima mzima."

"Lakini mimi nataka aniambie kweli," Willemtien alisema. "Ndiyo maana nimeileta."

Berend alicheka kwa upole, kama mtu anayemwona mtoto akimsubiri Mtakatifu Nikolasi, mleta zawadi wa Desemba, mpaka mwezi wa Januari.

Bi Roelfien alibaki gizani na pakiti ya sukari mkononi. Kwanza alipandwa na hasira. Miaka sita, filamu zaidi ya arobaini, na kila kosa alilolikamata kwa fahari lilikuwa limewekwa pale ili alikamate. Kiwandani mtu angepaka jibini dawa juu ili isitobolewe ndani, angefukuzwa siku hiyo hiyo. Lakini alikuwa mtu wa kujichunguza kama alivyowachunguza wengine, na ndipo akaona jambo lililomuuma zaidi: hawakumzuia kutoboa. Yeye mwenyewe ndiye aliyetosheka na ganda. Kama hakuna hata mmoja aliyetumia neno lake lolote, basi miaka hiyo yote alikuwa anapiga kelele tu mbele ya watu wenye adabu.

Alitoka kwa mlango wa nyuma, akaenda kukaa mahali pake, akachonga penseli.

Filamu ya Berend ilifuata. Ilihusu sanamu ya kibete, ile ya kupambia bustani, iliyokuwa ikimpa askari polisi ushauri wa ndoa, kwa sauti ya Berend mwenyewe akibana pua. Katikati, bila sababu yoyote, kikatokea kipande cha sekunde hamsini: Berend akijaribu kuingiza tela uani kwa kurudi nyuma. Kamera ilikuwa imewekwa tu juu ya ukuta. Mkewe, Aaltje, alisimama nyuma ya tela akimwelekeza kwa mikono. Tela likaenda kwenye maua. Likaenda kwenye pipa la taka. Mikono ya Aaltje ikazidi kuwa mizito, ikashuka. Akatazama saa. Akaingia ndani, akatoka na kikombe cha kahawa, akasimama anakunywa. Tela bado.

Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Bi Roelfien naye alicheka, mpaka akalazimika kuvua miwani.

"Bwana Wolting," alisema taa zilipowaka na Berend alipokwisha kukaa kitini, "nimecheka mara moja katika dakika saba. Kipande cha tela kibaki. Kibete atoke."

"Atoke wapi?"

"Kwenye filamu."

"Yote?"

"Dakika sita na sekunde kumi."

"Lakini Bi Roelfien, kile cha tela kile ni..."

"Ni nini, Bwana Wolting?"

Masikio ya Berend yalikuwa mekundu kama vigae vyake. "Asante, nimesikia."

"Miaka ishirini na sita namwambia azungushe usukani upande wa pili," Aaltje alisema kutoka safu ya tatu. "Leo ndiyo kasikia."

Utamu wa jambo hilo ulikuwa kwamba Bi Roelfien aliusifu mfupa bila kudanganya hata herufi moja.

Kisha ikaja ya Willemtien. Mtu anaingia kwenye sherehe ya kuzaliwa. Watu wamekaa duara. Anapita akishika mikono, kwa desturi ya huko ya kumpongeza kila aliyepo: anampongeza bibi, anampongeza shemeji, anampongeza jirani, anakula keki, na mwishoni kabisa anagundua kwamba nyumba siyo. Hapakuwa na kipaza sauti, wala saa, wala masharubu. Karatasi ya manjano ya Bi Roelfien ilikuwa bado tupu. Hapa ilimbidi afikiri.

"Umetuficha jambo lenyewe mpaka mwisho," alisema. "Kwa hiyo tumecheka mara moja. Tuonyeshe namba ya nyumba mwanzoni, tucheke kwa kila mkono anaoushika."

"Sikubali," Willemtien alisema.

Watu wakageuka. Berend alitazama viatu vyake.

"Sentensi yako imekwisha," Bi Roelfien alisema.

"Basi naongeza. Mkijua mapema mtamwona mjinga. Mimi sitaki aonekane mjinga. Ni mimi yule. Nilifanya hivyo nilipohamia hapa. Nikala vipande viwili."

"Na wenyeji hawakukuambia?"

"Hawakusema neno. Walinifungia hata kipande cha keki cha kubeba."

"Hicho sijakiona."

"Sikukiweka. Niliona aibu."

Bi Roelfien aliinama mbele. "Halafu ulipotoka waliulizana wewe ni nani?"

"Nilisimama nje ya dirisha. Kila mmoja alidhani mimi ni ndugu wa mwenzake."

Ukumbi ulianza kucheka taratibu, kutoka nyuma.

"Huo ndio mwisho wako," Bi Roelfien alisema. "Na namba ya nyumba usiionyeshe. Nilikosea." Aliichana karatasi ya manjano vipande viwili. "Ningekuzuia kusema, nisingekijua kipande hicho, nawe ungekaa nacho na aibu yako."

Alisimama. "Wakati wa kahawa nilikuwa stoo," alisema. Geert aligusa mdomo wake wa juu. "Niliwaziba midomo, mkaamua kunitupia mfupa. Kuwaziba midomo ni kosa langu. Kudanganya ni kosa lenu. Kila mtu abebe lake. Ya Willemtien inakwenda mkoani, ikiwa na mwisho huo. Karatasi za asubuhi nazifuta. Anayetaka filamu yake iangaliwe upya, iliyosafishwa, aje hapa, na aje na maneno yake."

Hakuna aliyetikisika. Hapo ndipo Bi Roelfien alipoogopa kweli, ingawa uso wake haukuonyesha.

Kisha Berend akainuka. Hakwenda moja kwa moja kitini. Alizunguka kwanza, akachukua kiti kingine, akakiweka kando ya kile cha kwanza, na Bi Roelfien akakaa kwenye hicho, yeye kwenye kile cha kwanza.

"Hivi kweli," Berend aliuliza kwa sauti ya chini, "kibete hachekeshi kabisa?"

"Hachekeshi," Bi Roelfien alisema. "Lakini hebu nieleze wewe ulichekea wapi."