Maombi ya Jicho Moja Wazi

Siku ile ya Bofa naikumbuka kila ninapomsikia mtu akimwambia mwenzake, "Nitakuombea." Ni neno zuri, mwanangu, wala sikukatazi kulisema. Lakini jana ulikaa hapa barazani kwangu Muyeye, ukanionyesha kwenye simu jinsi kundi lenu la waandishi wa kanisa lilivyotangaza kwamba mwenzako ndiye atakayesoma hadithi yake siku ya kufungua kongamano, si wewe. Ukanionyesha na ulichomwandikia: "Hongera dada, nakuombea," na vile vikono viwili vya kuomba chini yake. Nikakutazama usoni. Mtu anayeomba haumi meno namna ile.

Sikukwambia kitu jana kwa sababu chai ilikuwa ya moto na wewe ulikuwa wa moto zaidi. Leo umepoa kidogo, basi nisikilize.

Nilipokuwa na umri kama wako nilikuwa nikifundisha shule ya msingi, hapa hapa Malindi. Baba yangu alitoka Ukambani kuja kupika hotelini, nasi tukazaliwa huku, tukakulia huku, na Kiswahili nikakipenda kuliko hata wenyewe. Shuleni petu alikuwapo mwalimu wa chekechea aitwaye Kadzo, Mgiriama wa Kibarani kule Kilifi, aliyeolewa huku Malindi. Tulisali kanisa moja. Mimi ndiye niliyemshauri aandike. Nasema tena usije ukasahau, ni mimi. Nilimwazima vitabu vyangu, nikamwonyesha pa kukata aya, na kila alichokiandika nilikisoma mimi kabla ya mtu mwingine. Nikampenda sana. Kumpenda aliye chini yako ni kazi nyepesi, mwanangu, wala usijisifu kwayo mbele za Mungu.

Kisha likaja kongamano la waandishi Wakristo wa pwani, katika nyumba moja ya mafungo kule Bofa, kwenye miti ya mivinje, ambako upepo wa bahari ulituhangaisha kushikilia karatasi zetu. Tulikuwa tumeambiwa kwamba mhariri angekuja kutoka Nairobi, wa shirika linalochapisha vitabu vya dini, naye angeondoka na mswada mmoja tu wa kuuchapisha. Mimi nilikwenda na riwaya yangu, niliyoiandika na kuiandika upya hadi vidole vikaota sugu. Kadzo alikwenda na hadithi zake za nyumbani, za mama wakwe na watoto wakaidi na majirani wanaoazimana chumvi. Tukiwa njiani alinishika mkono akasema yeyote atakayechaguliwa, tutasherehekea pamoja. Nikaitikia kwa moyo wote, maana sikuwa na shaka ni nani atakayechaguliwa.

Siku ya kwanza kila mmoja alisoma kipande cha kazi yake. Niliposoma mimi, watu walinisikiliza kwa adabu. Unaijua ile adabu ya watu wanaosubiri chakula. Aliposoma Kadzo, ukumbi ulicheka, kisha ukanyamaza, kisha mama mmoja akajifuta machozi kwa pembe ya leso. Wakati wa chakula mchungaji mmoja mnene alikuwa akiirudia sentensi ya Kadzo meza kwa meza, ile inayosema kwamba mama mkwe wake alikuwa na masikio marefu kuliko ukuta wa nyumba. Mwanangu, sentensi ile nilimwambia aifute! Nilimwambia haina heshima. Sasa mchungaji anaicheka na mchuzi unamwagika kwenye tai.

Nikausukuma kando wali wangu wa nazi. Nikaanza kuona mambo ambayo siku zote yalikuwapo na hayakunikera: jinsi anavyocheka kwa sauti, jinsi anavyopiga magoti akisalimia wazee na wazee wanavyompenda kwa hilo. Hata leso aliyojifunga, iliyoandikwa "Wema hauozi," niliona amenivalia mimi, ananikumbusha vitabu nilivyomwazima. Kumbe ilikuwa leso ya mama yake, kuukuu, aliyoichukua kwa haraka. Hasidi hana sababu, na akiikosa huisoma kwenye nguo za watu. Usiku ule nililala chumba kimoja naye, akinisimulia furaha yake kitanda cha pili, nami nikajifanya nimesinzia.

Sasa kuna jambo lazima ulijue. Majuma machache kabla ya hapo, shule zikiwa zimefungwa, Kadzo alikuja kwangu uso umevimba. Mumewe alikuwa amempiga. Alikuwa amemchukua binti yake mdogo na kurudi kwa mama yake Kibarani, akawa anangoja wazee wa kanisa walikalie shauri hilo kwa faragha. Aliniambia mimi peke yangu, akaniomba nilifunike. Nikalifunika. Lakini siri ni kama kisu cha jikoni, inategemea siku unapokasirika kiko karibu na mkono gani.

Asubuhi ya mwisho mhariri alisimama, akasema mswada aliouchagua ni wa Kadzo. Vigelegele vikapigwa. Nami nikapiga, tena cha kwangu kilikuwa kirefu kupita vyote. Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Dorkasi, mjane wa Kigiriama ambaye masomo yake ya shule ya Jumapili ndiyo yaliyotulea sisi sote. Akasema, "Rafiki yake wa karibu na aje amwombee." Macho yote yakanigeukia.

Nikaenda mbele, nikamshika Kadzo mkono, nikafumba macho. Nilianza vizuri. Nilimshukuru Mungu kwa kipawa, nikamshukuru kwa mhariri na safari yake. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, tena kwa upole wa kuliza: "Nawe Bwana, unayeijua siri ya kila nyumba, mkumbuke dada yetu aliyemwacha mumewe. Umlainishe moyo arudi kwake, ili anapowafundisha wengine habari za nyumba, yake isiwe imebomoka."

Amina iliyoitikiwa ilikuwa nyembamba. Mkono wa Kadzo haukunitoka. Ila uliacha kunishika. Ukawa umelala tu ndani ya wangu.

Unaona nilivyofanya? Sikumsengenya mtu. Mtu akikusengenya unaweza kumjibu, lakini nani atainuka katikati ya maombi aseme, si hivyo ilivyokuwa? Nilimwaga mtama penye kuku wengi, na kuku wenyewe walikuwa wamefumba macho kwa heshima. Kisha moyoni nikajipa sababu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nikasema, afadhali anyenyekezwe mapema. Kijicho kina maneno mazuri, mwanangu, kinaijua hata methali.

Wakati wa chai watu walisimama wawili wawili na mahamri yao, wakinong'ona. Mhariri alimwita Kadzo kando penye mivinje. Aliporudi alikuwa ameinamisha kichwa. Shirika lake, mhariri alimwambia, linauza vitabu kwa familia za Kikristo, na wakubwa wake wasingependa maneno, kwa hiyo ingefaa jambo hili lingoje. Kisha akanijia mimi, akaniuliza kama anaweza kuitazama riwaya yangu mara ya pili.

Nilifurahi. Nisikufiche, nilifurahi, nikaenda chumbani kuichukua nikikimbia.

Mama Dorkasi alikuwa ameketi kwenye veranda, miguu ameinyoosha. Akaniita. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia, akaniambia niketi. Nikaketi na mswada wangu mapajani.

"Kuomba ulifundishwa na nani?" akaniuliza.

Nikamjibu, na mama yangu.

"Alikufundisha kufumba macho yote mawili, au moja?"

Nikaanza kunyoosha pembe za mswada wangu.

"Mimi sifumbi yangu siku hizi, nikiyafumba nasinzia," akasema. "Basi nilikuwa nakutazama. Ulipotaja habari ya mumewe, ulifumbua jicho la kushoto ukamwangalia mhariri, kuona kama amesikia. Yale hayakuwa maombi, mwanangu. Ulikuwa unasema na mhariri, na Mulungu ukamfanya tarishi."

Laiti angenipiga kofi. Nikamwambia nitatubu, na kwamba kwenye kikao cha kufunga nitaomba maombi ya kumrejeshea Kadzo heshima yake. Akatikisa kichwa.

"Usiombe. Umekwisha omba vya kutosha. Umelisema mbele ya watu, kalitengeneze mbele ya watu, na macho yako yote wazi. Wala usitoe siri nyingine kuziba ile. Sababu ya Kadzo ni ya Kadzo."

Nikamwambia maji yakimwagika hayazoleki. Nadhani nilitaka anihurumie. Akanijibu kwamba nizoe yatakayozoleka, na yaliyobaki nitayakanyaga tope lake. Kisha akafumba macho, akasinzia kweli.

Nilikaa pale na riwaya yangu. Nilijua vizuri, nikisimama kusema, naizika mwenyewe. Nikisema si kitu, nimngoje Kadzo jioni nimwombe radhi chumbani, kitabu changu kitatoka, jina langu juu ya jalada. Nilipapasa ukurasa wa kwanza. Wivu haukuwa umeondoka, usidhani. Nilikuwa bado naona mahali pale ni pangu, na kwamba bila mimi Kadzo asingejua hata kukata aya.

Kwenye kikao cha kufunga nilisimama. Kadzo alikuwa amekaa nyuma, mkoba wake umekwisha fungwa. Nikasema kwamba asubuhi nilitoa jambo nililoaminiwa nalo, tena nililitoa nusu, na nusu ya ukweli ni uongo uliovaa vizuri. Nikasema alichokifanya Kadzo alikuwa na haki ya kukifanya, na sababu si yangu kuitaja. Nikasema nililifanya kwa kuwa nilikitaka chake. Sikuwa na pa kujificha, maana nilikuwa nimekatazwa kufumba macho. Nikaona kila uso. Mhariri aliichukua riwaya yangu, niliyokuwa nimempa kabla ya kikao, akaiweka kando taratibu, akaenda nyuma kwa Kadzo, akamwomba mswada wake, akautia mkobani.

Kadzo alinikuta langoni tukisubiri gari. Alinitazama bila chuki. Akasema, "Nimekusamehe, Mueni. Lakini usiniombee."

Akaenda zake Kibarani.

Shule zilipofunguliwa alirudi kufundisha, tukafanya kazi pamoja miaka mingi baada ya hapo. Tulisalimiana, tulizikana, alikula nyumbani kwangu nami nikala kwake. Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Kila mtu alipougua au kufiwa tulishikana mikono kuomba, na ilipofika zamu ya Kadzo kuombewa alimgeukia mwingine. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, wahenga walisema, na mimi nilijikwaa ulimi katikati ya maombi.

Kitabu chake kilipotoka nilikiona dukani mjini. Kilinichoma. Nilikisoma nimesimama, na sentensi ya kwanza kabisa ilikuwa ile ya masikio ya mama mkwe. Nikacheka peke yangu hadi mwenye duka akanitazama. Nikaenda moja kwa moja hadi darasani kwa Kadzo, nikamwambia, huku namwangalia, kwamba sentensi ile nilikosea kuikataa, na kwamba ni bora kuliko zangu zote. Kule Bofa nilisema nimekosa. Hili la kusema yeye ni bora lilinishinda zaidi kutoka, na ndilo lililonipunguzia donge. Halikuisha. Hata leo akitoa kitabu kipya kinanichoma kidogo, nami nampigia simu kabla hakijanichoma sana.

Halafu, sote tukiwa tumeanza kuota mvi, alibisha mlango huu hapa. Aligoma kuketi. Akasema, "Mueni, kesho naingia kupasuliwa. Niombee." Nikamshika mkono. Sikumbuki niliomba nini, yalikuwa maneno machache mno, ila nakumbuka mkono wake ulinishika hadi pete ikaniumiza. Alipona. Yuko Kibarani hivi sasa, na kicheko chake bado ni kile kile.

Basi mwanangu, hii ndiyo nasaha yangu. Kulia na anayelia sote tunaweza, hata jirani mbaya huja matangani. Kufurahi na anayefurahi, tena amefurahia kile ulichokitaka wewe, hapo ndipo Ukristo wako unapopimwa. Huko kongamanoni mtakumbatiana sana na kuitana ndugu. Wewe nenda kwa mwenzako kabla hajasoma. Isome hadithi yake, uitafute sentensi moja ambayo ungetamani iwe yako, umwambie ni hiyo, ukimtazama. Roho itakuuma, nayo iume. Na alilokuamini nalo lisitoke kinywani mwako, hata kwa magoti, hata kwa machozi, hata ukilifunga kwa amina. Ukishaweza hayo, mtumie vikono vyako, vitakuwa vya kweli.

Sasa sogea nikubariki. La, usifumbe macho, nitazame. Mungu akupe kalamu isiyokauka, na jicho lisilokaa kwenye sahani ya mwenzako. Akuletee siku yako kwa wakati wake. Na itakapofika, mwanangu, akupe rafiki atakayekushika mkono akuombee bila kuchungulia. Amina.