Mume wangu anataka trekta kama lile lililomuua baba yake

Admin, jina langu lifiche, na kijiji usikitaje. Sema tu ni huku upande wa Kagongwa, kwenye majaruba ya mpunga. Mimi ni mama wa miaka thelathini na sita, nina watoto watatu. Mume wangu tumwite Baba Neema. Si mlevi, hanipigi, na mchepuko kama anao basi anaujua yeye. Nayasema haya mapema kwa sababu najua kuna wadada humu wameshaanza kuandika "ondoka mamii". Siondoki. Ninachoogopa ni kubaki bila yeye.

Ukoo wa mume wangu una wazimu wa trekta la kampuni moja, siitaji. Baba mkwe, marehemu, alikuwa nalo moja jekundu, akalima mashamba ya nusu ya kata kwa miaka mingi. Ndilo lililosomesha watoto wake wote. Basi mume wangu akipishana na trekta la kampuni nyingine barabarani anasonya, na ukilisifia mbele yake anaona umemtukana baba yake.

Mwaka huu tumekubaliana kuuza ng'ombe tununue la kwetu. Tukaenda Kahama wote wawili kuangalia. Nilifika kidato cha nne na kusoma naweza, nikachukua vipeperushi nikaanza kuuliza. Lina uzito gani mbele? Linavuta kwa matairi mangapi? Lina ile fremu ya chuma ya kumkinga dereva likipinduka? Lipo moja la kampuni isiyo na jina kubwa, linavuta kwa matairi yote manne, mbele zito, fremu ipo. Hata hiyo kampuni anayoipenda yeye inatengeneza la namna hiyo siku hizi. Hataki. Anataka aina ileile ya baba yake, lililotumika, linalovuta kwa matairi ya nyuma tu, halina fremu. Sisemi ni bovu, kwenye nchi kavu linalima vizuri tu. Lakini sisi tunalima mbuga nyeusi, mvua ikinyesha udongo unakushika mpaka magotini. Nilipomwonyesha vipeperushi alicheka.

"Karatasi hailimi, Mama Neema," akasema. "Hili nalijua tangu niko tumboni."

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Baba mkwe alifia jarubani, juu ya trekta lake, kabla sijaolewa. Mimi niliambiwa ni mkono wa mtu. Trekta lilisimama lenyewe kama mbuzi anavyosimama kwa miguu ya nyuma, likamlalia. Wakaenda kwa mganga, naye akawathibitishia. Kuna bibi jirani, mjane, alisemwa mpaka akafunga mizigo akahama. Hakuna aliyelichunguza trekta. Walilitengeneza, wakalima nalo misimu mingine miwili, ndipo wakaliuza.

Mwezi uliopita alipita nyumbani mzee mmoja aliyekuwa tandiboi wa baba mkwe, yaani msaidizi wake kwenye trekta. Nikamkaribisha uji, nikamuuliza taratibu siku ile ilikuwaje. Akaweka uji chini, akasema, "Mayu, mama yangu, hakuna aliyemroga. Lilikwama, tukafunga gogo."

Wa huku wanaelewa. Trekta likizama, wanafunga gogo kwa mnyororo kwenye matairi ya nyuma ili yapate pa kukanyaga. Gogo likigoma kuzunguka, matairi hayaendi, basi trekta lenyewe ndilo linazunguka. Mbele kunanyanyuka, na kama ni kwepesi linakwenda moja kwa moja hadi kupinduka kinyumenyume, juu ya dereva. Mzee aliniambia hata kuruka huwahi. Na madereva wa huku wote wanafanya hivyo mpaka leo, nimeona kwa macho yangu.

Nikamwambia mume wangu. Kumbe alikwenda kumwambia mama yake.

Kesho yake mama mkwe aliniita. Nikapiga goti nikamwamkia shikamoo, hakuitikia. Akasema kwa sauti ya chini kabisa: "Mume wangu alikufa wewe hujaja hapa. Umejuaje alivyokufa?"

Nilimtaja yule mzee. Akasema mzee huyo akili zilishamruka siku nyingi. Tangu siku ile wifi yangu hali ninachopika. Akija anasema ameshiba, na watoto wake anawaita watoke kwangu kabla sijapakua. Wiki iliyopita nimesikia mganga yule yule ameonekana kwa mama mkwe. Nimeishi huku maisha yangu yote, najua mambo haya yanavyoanza na najua yanakoishia.

Kingine ni kwamba kati ya ng'ombe wanaotakiwa kuuzwa, sita ni uzao wa mtamba niliyepewa na baba yangu mzazi. Bila hao trekta halinunuliki. Na mume wangu, kwa heshima yake, amesema hatawagusa mpaka niseme ndiyo kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikikataa, ukoo mzima utakuwa umempata mchawi wao. Nikikubali, anapanda yeye, maana ameapa hatamwachia dereva mwingine usukani wa baba. Nimemwomba basi aahidi tu kutofunga gogo. Akasema nimeanza kumtabiria mabaya, nami nikaogopa kuendelea.

Jana jioni nilikuwa namsuka Neema, ana miaka minane. Akaniuliza akikaa juu ya madigadi, yale mabati yanayofunika matairi ya nyuma, avae gauni au suruali. Nikamuuliza madigadi ya nini. Akasema baba amemwahidi, siku ya kwanza ya kulima watapanda wawili.

Mnada ni Jumamosi. Ndugu zangu, kwa siku hizi chache zilizobaki, niambieni: hao ng'ombe niwatoe au niwazuie?