Mawingu Yalitoka Vizuri, Uso Haukuonekana

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuyapenda mawingu.

Kazi ya kuhamishia filamu za zamani kwenye kompyuta nilijifunza mwenyewe, chumbani kwangu Mkonze, kwa video za mtandaoni na kwa kuharibu vitu. Kwa kuwa sikuwa na mwalimu, nilijitungia sheria: pasiwe na sehemu ya picha inayoungua kwa mwanga. Anga ikitoka nyeupe tupu, nilijiona nimeshindwa. Nilipunguza mwanga, nikaongeza, nikapunguza tena, mpaka chai inapoa.

Kisha akaja bibi mmoja kutoka Mlali na filamu ndani ya kopo la maziwa ya unga. Zamani bwana shamba mmoja alimpiga picha hizo mama wa bibi huyo akipepeta uwele. Mama huyo alifariki bibi akiwa bado anabebwa mgongoni, na picha yake nyingine hana.

Filamu ilikuwa imekauka, inanuka siki. Nilijua haitapita mashineni mara nyingi. Nikaweka mwanga kwa kufuata anga, nikaipitisha. Mawingu yalitoka vizuri mno. Nikampigia simu.

Alipofika nilimpa shikamoo, akaitikia, akavuta stuli hadi karibu na kioo cha kompyuta. Ungo ulipanda na kushuka. Jua lilikuwa nyuma ya mwanamke yule, na uso wake ulikuwa mweusi tii.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye, bibi."

"Mbona hana uso?"

Nilijaribu kuung'arisha kwenye kompyuta, zikatoka chenga tu. Nikaanza kumweleza habari za anga. Akaniacha nimalize.

"Mume wangu," akasema, kwa utani wa bibi na mjukuu, "mawingu ninayo Mlali. Kila siku yanapita, na mvua hayashushi. Mimi nimekuja kumwona mama."

Nikamwambia ukweli: tukiipitisha tena, inaweza kukatika.

"Na sasa hivi nina nini? Kivuli. Weka."

Niliisimamisha filamu pale mwanamke anapoanza kuonekana, nikaongeza mwanga. Bado. Nikaongeza tena. Anga yote ikawa nyeupe kama shuka, hata uwele uliokuwa hewani ukapotea. Ndani ya weupe ule ukatokea uso. Nikabonyeza kitufe cha kurekodi, filamu ikaanza kupita. Alikuwa msichana, mdogo kuliko mimi, amefinya macho kwa sababu ya makapi, anamcheka mtu aliye pembeni.

Filamu ilikatika karibu na mwisho, uso ukiwa umeshapita. Mimi nilishtuka hadi nikasimama. Bibi wala hakugeuka.

"Kumbe alikuwa mtoto," alisema. "Mtoto kabisa. Hebu rudisha."

Siku hizi sianzi na anga. Mtu akileta filamu namuuliza kwanza anamtafuta nani, halafu naweka mwanga kwa kufuata uso huo. Anga ikiungua bado naumia, lakini naiacha.